Mkono wa mjomba ukutani

Mmeuliza wiki hii kama mahubiri ya hukumu ya Mungu isiyokimbilika bado yana nafasi makanisani. Nilitaka kujibu hapana fasta, yanatisha watoto, manake huyo mtoto nilikuwa mimi. Sura yenyewe ni Amosi 5, kitabu cha nabii kwenye Biblia, ile ya mtu anamkimbia simba anakutana na dubu, anafika kwake anaweka mkono ukutani, nyoka anamgonga.

Kwetu upande wa Njombe mjomba alikuwa ananunua mahindi kwa wakulima. Alikuwa na madebe mawili. La kununulia kitako kiligongwa kwa ndani kikatokeza nje kama tumbo, la kuuzia kitako kimebonyezwa kuingia ndani, ukiangalia kwa juu debe ni debe. Kazi yangu ilikuwa kushika mdomo wa gunia. Siku moja bibi mmoja jirani alileta mahindi aliyoyapima kwake madebe sita, kwetu yakatoka matano na kidogo, akasema mwanangu hebu pima tena, mjomba akapima, yakatoka yale yale, bibi akakaa chini akawa anaokota punje zilizomwagika moja moja anazifunga kwenye pindo la khanga. Hakulia wala nini, aliokota tu.

Jumapili yake mwinjilisti ndo akasoma hiyo ya simba na dubu. Mjomba yuko benchi la mbele. Tuliporudi nyumbani mi macho yote kwenye mkono wake, kwa sababu kila akivua viatu mlangoni alikuwa anashika ukuta. Akashika. Nikafumba macho. Kimya. Akavua na cha pili, akaitisha chai. Wiki nzima nikawa nadamka mapema kukagua nyufa za ule ukuta wa tofali za tope, na mpaka leo sijui nilikuwa naogopa nyoka atoke au nilikuwa namsubiri.

Nimekuja kukisoma kitabu chote ukubwani. Amosi alikuwa mfugaji na mtunza mikuyu wa Tekoa, kusini huko Yuda, akaenda kusema Betheli kwenye ufalme wa kaskazini wa Israeli, enzi za mfalme Yeroboamu wa pili, mambo yamewanyookea, matajiri wana nyumba za pembe za ndovu (na kweli Samaria, mji wao mkuu, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta vipande vya pembe vilivyochongwa). Sura ya 8 anawataja wanaopunguza efa, kipimo cha nafaka, na kuongeza shekeli, jiwe la kupimia fedha ya mnunuzi, wenye mizani ya udanganyifu. Yaani debe. Lile debe letu kabisa! Afu sura ya 9 ndo Mungu anasema wakichimba mpaka kuzimu mkono wangu utawatoa, wakipanda mbinguni nitawashusha, wakijificha kileleni mwa mlima Karmeli nitawatafuta, wakienda chini ya bahari nitamwagiza nyoka. Kuhani Amazia wa Betheli alimwambia Amosi arudi kwao Yuda akale mkate wake huko. Haikupita miaka 50, Waashuru wakauchukua mji wa Samaria, 722 kabla ya Kristo.

Kwa hiyo hapa naona jibu langu linabadilika nikiwa naandika. Yale maneno hayakuandikwa kwa ajili ya mtoto anayekagua nyufa. Aliyeandikiwa ni yule anayejiona yuko salama kwa sababu ameshika ukuta mara mia na hakugongwa. Na yule bibi wa khanga, sidhani kama yalimtisha, labda ndo ilikuwa mara yake ya kwanza kusikia kuna aliyeona. Zaburi 139 inataja kule kule, mbinguni, kuzimu, mwisho wa bahari, na mkono ule ule, ila pale mkono unamshika mtu na kumwongoza. Inategemea umeshika nini wewe mkononi.

Basi jibu langu, yahubiriwe, tena kwa sauti. Ila sura zote, msituishie kwenye nyoka, mfike na pale pa mizani, na mahubiri yakigusa wasengenyaji na walevi tu wafanyabiashara wa benchi la mbele wakarukwa, bora yaachwe. Na kwa watoto bado nasita sana.

Mjomba yupo, kazeeka, tunaongea vizuri tu nikienda likizo. Lile la madebe sijawahi kumuuliza, kwa sababu mdomo wa gunia niliushika mimi, na nilijua debe lipi ni lipi.