Je, Tanuri la Umeme Litamaliza Hewa ya Ukaa Kiwandani?

SWALI: Kiwanda chetu huchoma vigae vya sakafu kwa gesi asilia. Viongozi wetu wanataka kununua tanuri la umeme, wakiamini kwamba hewa ya ukaa itakuwa imekwisha kabisa. Je, wako sahihi?

JIBU: Wako sahihi kwa sehemu tu. Tanuri linaloendeshwa kwa umeme wa maji, jua au upepo huondoa hewa ya ukaa iliyokuwa ikitokana na gesi. Likiendeshwa kwa umeme wa makaa ya mawe, moshi utakuwa umehama tu kutoka kwenye bomba lenu hadi kwenye bomba la mzalishaji wa umeme.

Tena ipo hewa ya ukaa inayotoka kwenye udongo wenyewe, nayo haijali mnachoma kwa nishati gani. Kalsiamu kaboneti iliyomo kwenye udongo wa chokaa huvunjika joto linapokaribia nyuzi 900 za Selsiasi, na kila kilo 100 za kaboneti hiyo huachia kilo 44 za hewa ya ukaa. Maana yake ni kwamba tani moja ya udongo mkavu wenye kaboneti asilimia 10 itatoa kilo 44 hata kama tanuri ni safi namna gani. Upimeni udongo wenu maabara, mchague wenye chokaa kidogo, na pale ambapo kalsiamu inahitajika, mjaribu wolastonaiti, madini ya kalsiamu na silika, ambayo ni ghali zaidi lakini haina kaboni.

Binafsi ningeanza na kikaushio kabla ya tanuri. Vigae vingi hutokana na udongo uliosagwa pamoja na maji hadi ukawa tope, ambalo takriban theluthi yake ni maji. Kwenye kikaushio, tope hilo hunyunyizwa ndani ya hewa iliyopashwa moto kwa gesi ili ubaki unga wenye unyevu mdogo tu, tayari kushindiliwa kwenye kalibu. Kila kilo ya maji inayogeuzwa kuwa mvuke hula zaidi ya megajuli 2.2 za joto, bila kuhesabu joto linalopotea njiani. Kiasi kidogo cha sodiamu silikati hulifanya tope litiririke vizuri likiwa na maji machache zaidi, kwa hiyo gesi inayotumika hupungua bila kubadili mtambo wowote. Kusaga udongo ukiwa mkavu huokoa nishati zaidi, ingawa unga wake huwa mgumu kujaza kalibu kwa usawa.

Hewa inayopoza vigae mwishoni mwa tanuri nayo hutoka ikiwa moto sana. Ielekezeni kwenye kikaushio badala ya kuiachia angani.

Ikiwa kiwanda kina mita moja tu ya kupimia gesi kwa mitambo yote, fungeni nyingine kwenye kikaushio kabla ya kuagiza tanuri jipya, kwa sababu usomaji wake ndio utakaowaonyesha viongozi wenu ni kiasi gani cha gesi ambacho tanuri hilo halitakigusa.