Mbwa wa aina ya boksa anayeanguka ghafla na kuinuka: kabla ya kusema ni kifafa, shika paja lake

Mkuu, pole sana. Umeandika kwamba boksa wako wa miaka sita alikukimbilia getini ulipotoka kazini, miguu ikalegea, akalala ubavu kama sekunde kumi, kisha akainuka na kukulamba mkono. Jirani ameshakwambia ni kifafa. Naandika kwa kirefu kwa sababu hayohayo yalimpata boksa wangu, Bahati, hapa Moshi, na miezi miwili ya mwanzo niliipoteza nikimpa dawa za kifafa alizoandikiwa na daktari wa kwanza.

Mwenye kifafa mara nyingi hukakamaa, hupiga miguu kama anayeogelea, hutokwa na povu, na akiamka hubaki ameduwaa kwa muda, hata wewe hakutambui vizuri. Anayezirai kwa ajili ya moyo huanguka katikati ya furaha au mbio, mwili umelegea, fizi zimepauka, na akizinduka anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Mkojo usikudanganye, unaweza kuwatoka wote wawili. Akianguka tena, mrekodi kwa simu. Daktari wa pili alitazama video yangu ya sekunde kumi na mbili, akaacha kuniuliza maswali, akachukua kifaa cha kusikilizia moyo.

Leo jioni, akiwa amelala, weka kiganja kwenye mbavu za kushoto, nyuma tu ya kiwiko. Vidole vya mkono wa pili viweke ndani ya paja, juu karibu na kinena, mahali mshipa unapodunda. Kila pigo la kifuani lifike pajani. Kwa Bahati kifuani pigo moja lilikuwa linawahi, kisha kimya, na pajani pigo lile halikufika kabisa. Hesabu sekunde 30, zidisha mara mbili. Mbwa mkubwa aliyetulia huwa kati ya 60 na 120 hivi. Ukiona mapigo yanaongezeka kidogo akivuta pumzi na kupungua akiitoa, usishtuke. Kwa mbwa hilo ni jambo la kawaida.

Kipimo cha umeme wa moyo (ECG) cha dakika chache kinaweza kutoka safi kabisa, kama kilivyotoka cha Bahati mara ya kwanza. Tulilazimika kumvalisha kimashine cha Holter, kinachofungwa kifuani kwa bandeji na kurekodi saa 24, nami nikiandika kwenye daftari saa aliyokula, aliyokimbia na aliyolala. Kwa boksa, mapigo ya kuwahi kutoka vyumba vya chini vya moyo yakizidi 100 kwa siku, madaktari huanza kushuku. Ya Bahati yalikuwa maelfu. Jamii hii ya mbwa ina ugonjwa wa kurithi ambao misuli ya moyo, hasa upande wa kulia, inageuka mafuta na makovu, kwa hiyo tafadhali usimzalishe mpaka ujue.

Usikubali dawa kabla ya ultrasaundi ya moyo na vipimo vya damu. Magonjwa ya kupe yanaweza kuushambulia moyo, na hata wengu ukiugua mapigo huvurugika. Hapo unatibu chanzo. Bahati alipewa sotalol, dawa ya binadamu tunayonunua duka la dawa, miligramu 40 mara mbili kwa siku akiwa na kilo 28. Dozi hiyo ni yake, usiinakili. Moyo uliopanuka na kuchoka, au unaopiga polepole mno, unaweza kuzidiwa na dawa hiyohiyo. Wala usiikatishe ghafla kwa kuwa ameonekana amepona. Kuzirai kulikoma ndani ya wiki mbili, tukaishi naye miaka mitatu zaidi. Asubuhi moja alikwenda kunywa maji, akaanguka, hakuinuka tena. Dawa hupunguza hatari hiyo ya kifo cha ghafla bila kuiondoa, na nisingependa uambiwe vinginevyo.

Dada uliyeuliza hapo juu kuhusu paka dume anayejikamua bila kukojoa, na sasa amepoa na kulala tu: usisubiri asubuhi. Mkojo ukiziba, potasiamu hujaa kwenye damu na kuupunguza mwendo wa moyo. Paka akiwa kwa daktari hupiga 140 hadi 220. Akiwa 100 na mwili wa baridi, amebakiza muda mfupi sana. Hahitaji vidonge vya moyo. Anahitaji kalsiamu ya mshipani ya kuulinda moyo, drip, na kuzibuliwa njia ya mkojo usiku huuhuu.

Nawe mkuu, akizirai mara mbili kwa siku moja, au akikaa na mapigo ya 180 huku amelala, mpeleke saa hiyohiyo. La sivyo hesabu leo usiku, uandike hapa namba mbili: ya kifuani na ya pajani.