Nilipokuwa meneja mkuu wa Minnesota Twins kwa wiki tatu

Ujumbe uliingia saa sita kasoro usiku, Novemba 2022, nikiwa nimeketi jikoni na chai iliyokwisha kupoa. Mwenzangu aliyeshika Miami Marlins kwenye mchezo wetu wa kuigiza usajili wa besiboli alikuwa ameandika mstari mmoja tu: nipe mpigaji wako Luis Arráez, nami nikupe mrushaji wangu Pablo López. Sikumaliza hata dakika mbili nikamjibu. Hauzwi.

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike makala hii.

Kwa ambaye hajawahi kucheza: msimu wa besiboli ya Marekani ukiisha, klabu 30 za Major League hukaa miezi kadhaa zikisajili, zikiacha na zikibadilishana wachezaji hadi mazoezi ya Februari. Sisi mashabiki tunaigiza kipindi hicho. Watu 30 tunagawana klabu, kila mtu anakuwa meneja mkuu wa klabu yake. Mmoja anakuwa kamishna wa kusimamia kanuni, na wachache wanakuwa mawakala wa wachezaji huru na kupokea madau yetu. Tunapewa bajeti na tarehe za mwisho, na mambo ya miezi mitatu tunayamaliza kwa wiki tatu. Mimi nilikuja Minneapolis, mji wa Twins, kutoka Tanga nikijua mpira wa miguu peke yake. Besiboli nilifundishwa na wazee niliokuwa nawahudumia kwenye zamu za jioni, ambao redio zao hazizimwi Twins wakiwa uwanjani. Nilipoulizwa nataka klabu gani, jibu lilikuwa tayari.

Ukiwa umezoea usajili wa Simba na Yanga, kitu cha kwanza cha kusahau ni ada ya uhamisho. Huku mchezaji hubadilishwa kwa mchezaji, na mkataba wake humfuata anakokwenda. Kwa hiyo thamani ya mtu ina sehemu tatu: uwezo wake, mshahara wake, na miaka iliyobaki kabla hajawa huru. Hii ya tatu ndiyo wageni wa mchezo wanaisahau. Mchezaji anahitaji miaka 6 ya utumishi kwenye ligi kuu ndipo awe huru, na mwaka mmoja huhesabiwa kwa siku 172. Miaka mitatu ya mwanzo klabu inaweza kumlipa kima cha chini, ambacho kwa msimu wa 2023 kilikuwa dola 720,000. Baada ya hapo mshahara wake hupangwa kwa usuluhishi, yaani klabu na mchezaji wasipoafikiana wasuluhishi huamua, na hupanda mwaka hadi mwaka. Kijana mzuri wa mwaka wa pili ana thamani kubwa kuliko nyota wa mamilioni, kwa sababu pesa anazokuokolea ndizo zinazomlipa mtu mwingine.

Nilikuwa na bajeti ya dola milioni 140. Nikajaza jedwali langu: Byron Buxton na mkataba wake wa miaka 7 kwa milioni 100, Sonny Gray, Max Kepler, Jorge Polanco, halafu wote wanaosubiri usuluhishi. Jumla ikafika karibu milioni 95. Nikatazama zile 45 zilizobaki nikajiona tajiri.

Na nyota alikuwepo. Carlos Correa, shotistopu wetu, yaani mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu (besi ni vituo anavyopitia mkimbiaji), alikuwa amesaini Machi 2022 miaka 3 kwa milioni 105.3, na mkataba ulimruhusu kujitoa kila msimu ukiisha. Novemba akajitoa. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kumwandikia ile ofa ya mwaka mmoja, milioni 19.65, ambayo mchezaji akiikataa na kuondoka, klabu yake hupewa nafasi ya ziada kwenye uchaguzi wa vijana, ambapo klabu huchagua chipukizi kwa zamu. Kamishna akairudisha. Correa alikwisha kupewa ofa hiyo na Houston Astros mwaka 2021, na kanuni ni kwamba mchezaji huipata mara moja tu maishani. Maana yake, akiondoka napata sifuri. Basi, tafadhali, soma kanuni kabla dirisha halijafunguliwa, hasa zinazowahusu watu wako watatu wakubwa. Siku ile nilipoteza saa nzima ya maana, na kibaya zaidi niliingia kwenye mnada na hofu.

Mnada wa wachezaji huru unakwenda hivi: unatuma dau kwa wakala, miaka na pesa, na yeye anakuambia kama kuna dau kubwa kuliko lako, bila kukuambia la nani wala kiasi gani. Nilianza na miaka 6. Nikaambiwa lipo kubwa zaidi. Nikaenda miaka 8. Lipo zaidi. Usiku wa mwisho nikatuma miaka 10 kwa milioni 320, na nikampata. Furaha ya usiku ule siwezi kuikana.

Asubuhi nikafungua jedwali. Zimebaki milioni 13, na sina mdakaji wa kukaa nyuma ya mpigaji, sina mrushaji wa pili wa kuaminika, na warushaji wa akiba, wanaoingia mchezo ukiwa katikati, ni wale wale waliotumaliza Septemba. Twins wa kweli walikuwa wameongoza kundi lao sehemu kubwa ya msimu wa 2022, kisha wakaporomoka na kumaliza na ushindi 78 na vipigo 84. Mimi nilikuwa nimemlipa mtu mmoja milioni 32 kwa mwaka ili nirudie msimu uleule.

Sasa angalia kilichotokea kwa mameneja wenyewe. Desemba ile San Francisco Giants walikubaliana na Correa miaka 13 kwa milioni 350. Madaktari wao wakasita. New York Mets wakaingia na miaka 12 kwa milioni 315. Wao pia wakasita. Tatizo lilikuwa mguu wa kulia, aliofanyiwa upasuaji mwaka 2014 akiwa bado kijana wa ligi za chini. Januari 2023 akarudi Minnesota kwa miaka 6 na milioni 200 za uhakika. Kwenye mchezo wetu hakuna daktari, na hapo ndipo mtu anapopotoka: kila mwaka unaoongeza kwenye dau ni mwaka ambao huna habari ya mwili wa mtu huyo. Siku hizi najiwekea kikomo cha miaka kwenye karatasi kabla mnada haujaanza. Pesa naweza kuzisogeza kidogo. Miaka siigusi, hata saa tano usiku, hata wakala aniambie tofauti ni ndogo.

Nirudi kwa Arráez, maana hapo ndipo roho yangu ilipo.

Arráez alimaliza 2022 na wastani wa .316, yaani karibu mapigo 32 yaliyofaulu kwa kila zamu 100 za kupiga, wa kwanza kwa upigaji kwenye American League, moja ya ligi mbili zinazounda Major League (nyingine ni National League), na ndiye aliyemzuia Aaron Judge wa New York Yankees, aliyepiga homurani 62 mwaka huo (mapigo yanayovusha mpira nje ya uwanja), asitwae mataji matatu ya upigaji kwa pamoja. Kumtazama ni raha tupu. Mpira wa nje anaupeleka kushoto, wa ndani anauvuta kulia, na mrushaji akimwekea mitego anausukuma nje ya mstari tu na kusubiri mwingine. Mzee mmoja niliyekuwa namhudumia alikuwa akimsikia kwenye redio anainua kidole kabla pigo halijatokea. Ningemuuzaje mtu kama huyo?

Kesho yake nikampigia rafiki yangu, mtu wa Mombasa anayeishi Ohio, ambaye kwenye mchezo alikuwa na Cincinnati Reds. Nilitaka anisifu. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kaka, hapo unaongea kama shabiki. Hebu niambie, yule wa Miami ana nini kingi na hana nini?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu sikuwa nimetazama. Nilipotazama, mambo yalikuwa wazi kama mchana. Marlins walikuwa na Sandy Alcantara, mrushaji bora wa National League mwaka ule, na nyuma yake López, Jesús Luzardo, Edward Cabrera na Trevor Rogers. Wapigaji hawakuwa nao. Mimi nilikuwa na wapigaji wa kutosha wa kujaza besi ya kwanza na ya pili, na nilikuwa na njaa ya warushaji. López alikuwa ameanza michezo 32 msimu ule na kurusha ingwe 180, yaani vipindi vya mchezo, na bado alikuwa na miaka miwili kabla ya kuwa huru. Ningeweza hata kuomba kijana mmoja wa ligi za chini juu yake, kwa sababu Arráez alikuwa na miaka mitatu. Nilimrudia yule mwenzangu jioni. Alikwisha kumpeleka López kwingine.

Januari 20, 2023, Twins wa kweli walimpeleka Arráez Miami na kumchukua Pablo López pamoja na vijana wawili. Nilisoma habari hiyo nikiwa kwenye basi nikaishusha simu mapajani. Na usidhani Marlins walionewa. Arráez aliwapigia .354 mwaka huo, akaongoza National League, na walifika mchujo wa kuwania ubingwa baada ya msimu. Biashara nzuri haihitaji mjinga upande wa pili.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu. Usianze na klabu yako. Siku tatu kabla ya dirisha, chukua daftari, andika klabu zote 30, na mbele ya kila moja andika wana ziada gani na wana pengo gani. Inachosha, mimi hunichukua jioni tatu nzima. Lakini ofa ikiingia unajua papo hapo mwenzako anatoka wapi, na zaidi ya hapo unaanza kutuma ofa wewe mwenyewe kabla hajatafutwa na mwingine. Ukimwandikia mtu, anza na pengo lake: nimeona huna mtu wa besi ya pili, mimi ninao wawili. Watu hujibu ujumbe wa namna hiyo. Ule wa "unataka nini kwa fulani?" wanauacha hapohapo, na wana haki. Na ofa ikikuchoma moyo, usijibu usiku huo. Mwambie mwenzako nipe mpaka kesho saa mbili.

Jambo moja nililifanya sawa, ingawa kwa bahati. Watu wawili walimtaka Royce Lewis kama nyongeza ya biashara. Lewis ndiye aliyechaguliwa wa kwanza nchi nzima mwaka 2017, lakini alikuwa amechanika kano ya goti lilelile mara mbili, 2021 na 2022. Walichokuwa wanatoa kilikuwa kidogo mno, nikakataa. Mchezaji majeruhi bei yake huwa chini kabisa siku unayoichungulia, na kama hana mshahara mkubwa, kumngoja hakukugharimu kitu.

Oktoba 3, 2023, nilikuwa Target Field, uwanja wa Twins, viti vya juu kabisa, baridi imeanza. Twins walikuwa wamepoteza michezo 18 mfululizo ya mchujo tangu 2004. López aliingia uwanjani siku ile amevaa jezi ya Johan Santana, Mvenezuela mwenzake, ambaye ndiye aliyerusha mchezo wa mwisho wa mchujo tulioshinda kabla ya balaa hilo kuanza. Lewis akapiga homurani mbili kwenye zamu zake mbili za kwanza. López akaruhusu pointi moja tu, na alipotolewa kwenye ingwe ya sita uwanja mzima ulisimama. Tukashinda 3 kwa 1. Jirani yangu, mtu nisiyemjua, alinikumbatia akilia, na mimi nilikuwa nalia pia.

Huyo Santana naye ana somo lake kwa meneja wa kuigiza. Alikuja Minnesota mwaka 1999 kwa uchaguzi wa Desemba unaoitwa Kanuni ya Tano. Mchezaji wa ligi za chini ambaye klabu yake haikumlinda kwenye orodha ya watu 40 huweza kuchukuliwa na klabu nyingine. Kwa viwango vya sasa unamlipia dola 100,000, lakini lazima umweke kwenye kikosi cha watu 26 msimu mzima, la sivyo umrudishe kwa mwenyewe. Marlins walimchagua Santana kutoka Astros na kumpeleka Twins siku hiyohiyo. Akaja kuwa mrushaji bora wa American League mwaka 2004 na tena 2006. Kwenye mchezo wetu wengi hulala siku hiyo kwa sababu hakuna jina kubwa. Mimi sasa naiwekea alama kwenye kalenda.

Vilevile chunguza wale wa usuluhishi mmoja mmoja. Mwaka ule nilimbakiza Gio Urshela kwa karibu milioni 9 bila kuwaza, kwa sababu alikuwa amepiga vizuri. Klabu ya kweli ilimpeleka Los Angeles Angels Novemba hiyohiyo na kumchukua Kyle Farmer kutoka Cincinnati. Milioni chache hazionekani kitu Novemba.

Januari ndipo zinaonekana. Wachezaji huru waliobaki siku za mwisho hukubali mwaka mmoja kwa pesa ndogo, maana wanaogopa kuanza msimu bila klabu, na mawakala wetu wanaigiza hilo vizuri sana. Mara ya pili nilipocheza nilificha milioni 6 na kukataa kuzigusa, ingawa kila jioni kulikuwa na sababu nzuri ya kuzigusa. Siku tatu kabla ya kufunga nikatuma madau mawili madogo kwa warushaji wa akiba, mmoja wa mkono wa kushoto, ambao wiki mbili nyuma walikuwa wanaomba mara mbili ya hapo. Wote wawili walijibu ndani ya saa moja.