Maswali ya Wasomaji: Sajini wa Kigoma na Serjan wa Bukavu

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kadutu, Bukavu. Hivi karibuni shemeji yangu, aliyestaafu katika jeshi la Tanzania akiwa sajini, alikuja kututembelea kutoka Kigoma. Tulipopita karibu na kambi ya Saio alisikia amri zikitolewa kwa Kifaransa, kisha askari wakaanza kuongea Lingala wao kwa wao. Alishangaa kuona kwamba katika mji wa Waswahili jeshi halisemi Kiswahili. Mwanangu naye akaniuliza Saio ni nani. Sikuweza kumjibu hata mmoja. Je, ni kweli kwamba jeshi letu ni mtoto wa Ubelgiji, na lao ni mtoto wa Uingereza?

JIBU: Mama Mwalimu, nianze na swali la mwanao. Saio si mtu, ni mji wa magharibi mwa Ethiopia ambao leo unaitwa Dembi Dolo. Mwaka 1941 askari wa Kongo, wakiwa chini ya maofisa wa Ubelgiji, walipitia Sudan, wakaiteka Asosa na Gambela, na mwanzoni mwa Julai Jenerali Gazzera wa Italia, nchi iliyokuwa imeikalia Ethiopia wakati huo, akajisalimisha kwa Jenerali Gilliaert huko Saio. Waliopanda milima ile wakiwa na njaa na magonjwa walikuwa vijana wa nchi hii, ila majina yanayotajwa katika habari hiyo karibu yote ni ya Wazungu, na jambo hilo linaniuma kila ninapolisoma.

Sasa nije kwenye Lingala, kwa sababu hapo ndipo urithi wa Ubelgiji unapoonekana wazi kuliko penginepo. Jeshi la kikoloni, lililoitwa Force Publique, lilianza mwaka 1885 kwa amri ya Mfalme Leopold II, na wengi wa askari wake wa mwanzo waliletwa kutoka Zanzibar na Afrika Magharibi, kabla machifu wa Kongo hawajalazimishwa kutoa vijana wao. Mwaka 1895 askari Watetela waliasi huko Luluabourg, ambayo ndiyo Kananga ya leo, na miaka miwili baadaye yakatokea maasi mengine makubwa zaidi katika msafara uliokuwa ukielekea Nile. Wakubwa walijifunza kuwaogopa askari wao wenyewe, wakaamua kwamba watu wa kabila moja wasiwekwe pamoja, wala askari asilinde mahali alipozaliwa, ili siku akiamrishwa kufyatua risasi asiwe anamwelekea mjomba wake. Watu waliochanganywa namna hiyo walihitaji lugha moja, na ile iliyokwisha kukua katika vituo vya Mto Kongo, yaani Lingala, ikawa lugha ya kambi. Kwa hiyo shemeji alichokisikia nje ya ukuta wa Saio kilitokana na uamuzi wa makusudi, na wala hakimaanishi kwamba askari wanakidharau Kiswahili.

Vyeo navyo vinaonyesha nani alikuwa mwalimu wa nani. Askari wetu wana kaporali, serjan na ajidan kwa sababu waliowafundisha walisema Kifaransa. Wale wa Tanzania wana koplo, sajini na meja kwa sababu jeshi lao lilitokana na King's African Rifles la Waingereza. Lakini shemeji asidhani kwamba kila neno lake lilitoka London. Mwambie afikirie neno afande, ambalo siku hizi hata watu wa Goma na Bukavu wanalijua vizuri tangu vita vya 1996. Asili yake ni efendi, neno la heshima la Kituruki, ambalo jeshi la Misri lililichukua kwa Waturuki na kulipeleka Sudan. Wajerumani walipoajiri askari Wasudani mwaka 1889 kwa ajili ya vita vyao vya pwani walilichukua pamoja na vyeo vingine vya Kituruki. Lugard, Mwingereza, alifanya vivyo hivyo mwaka 1891 alipowachukua Wasudani wa Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa Misri kusini mwa Sudan, na kuwapeleka Uganda. Aliwakuta kwa Kavalli, magharibi ya Ziwa Albert, katika Ituri yetu ya leo, maana yake neno hilo lilikwisha kukanyaga ardhi ya Kongo zaidi ya miaka mia moja kabla ya vita hivyo.

Hata hivyo, Mama, vyeo na amri si urithi mzito. Mzito zaidi ni swali la nani anaaminiwa kuongoza. Force Publique ilifika siku ya uhuru ikiwa na askari zaidi ya 20,000 na haina ofisa hata mmoja Mkongomani. Ajidan ndicho kilikuwa kikomo cha mtu mweusi. Tarehe 5 Julai 1960 Jenerali Janssens, Mbelgiji aliyekuwa mkuu wa jeshi hilo, aliwakusanya askari wake huko Léopoldville, ambayo ndiyo Kinshasa ya leo, akaandika ubaoni kwamba kabla ya uhuru ni sawa na baada ya uhuru. Maasi yakaanza, na katika siku chache jeshi likavunjika mikononi mwa serikali changa. Tanganyika nayo ilionja hayo Januari 1964, askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, walipoasi wakidai mishahara na kuondolewa kwa maofisa Waingereza, na Nyerere akalazimika kuwaita Waingereza wale wale waje kuyazima.

Tofauti ni kilichofuata. Tanzania ilivunja jeshi la zamani, na Septemba 1964 ikaunda jipya, JWTZ, ambalo lilipokea walimu kutoka Kanada na China lakini likaamrishwa kwa Kiswahili. Sisi tulibadilisha majina, ANC, FAZ, FAC, sasa FARDC, huku kila mgeni akifundisha kikosi chake kwa desturi za kwao: Waisraeli na Wafaransa waliwafundisha askari wa miavuli, Wakorea Kaskazini divisheni Kamanyola, Wabelgiji batalioni za Kindu, Wamarekani batalioni ya 391 huko Kisangani mwaka 2010. Kwa maoni yangu hapo ndipo tulipoumia zaidi, kwa sababu askari waliofunzwa na walimu watano hawana desturi moja ya kurudia siku mambo yanapoharibika.

Shemeji atakumbuka kwamba Colito, jina la vita vingine vya Ethiopia vya 1941, lilifutwa, na kambi ikaitwa Lugalo, mahali ambapo Wahehe waliwashinda Wajerumani mwaka 1891. Mwanao akiuliza kama Saio nayo ibadilishwe, mimi ningeiacha, kwa sharti kwamba majina ya Wakongomani waliokufa huko yaandikwe langoni, ambapo watoto wa Kadutu wanaweza kuyasoma wakienda shule.