Nimejichora na familia, uso wangu unaonekana kama umebandikwa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nachora kwa rangi ya mafuta, mimi, mke wangu na watoto wawili, nimefuata mpangilio wa ile picha ambayo mchoraji Mmarekani wa zamani, John Singleton Copley, alijichora na familia yake. Mke na watoto nimewatoa kwenye picha ya simu niliyopiga sebuleni, dirisha liko kushoto, mimi nikajichora kwa kioo palepale. Kioo kikanionyesha brashi iko mkono wa kushoto, nikajigeuza iwe kulia. Sasa kichwa changu kama cha mgeni. Copley alifanyaje?

JIBU: Marahaba. Umeharibu hapo ulipojigeuza. Kwenye kioo shavu lenye mwanga lilikuwa kushoto, sawa na watoto kwenye simu, ulipogeuza ili mkono ukae sawa mwanga nao ukahamia kulia, kwa hiyo sebule yako sasa ina madirisha mawili yanayogombana, na mtu akiangalia anahisi tu kuna kitu hakiko sawa hata kama hawezi kukitaja.

Copley aliifanya ile picha yake London, 1776 na 1777, alishahama Boston. Ni kubwa, kama sm 184 kwa 229, ipo kwenye jumba la sanaa la National Gallery of Art, Washington. Wako saba: yeye, mkewe Susanna, watoto wanne na baba mkwe Richard Clarke, mfanyabiashara ambaye chai yake ilikuwa kati ya ile iliyomwagwa baharini Boston 1773 na watu waliopinga kodi ya Waingereza, pole yake mzee. Sasa tazama mikono ya Copley, hajashika brashi! Kashika makaratasi ya michoro. Kwangu mimi hiyo ndo akili ya ile picha, maana mkono unaochora hautulii, ukiinua macho kwenye kioo umeshasogea, na makaratasi nani atauliza kashika kwa mkono upi.

Macho nayo. Anayetuangalia ni yeye pamoja na binti yake Elizabeth, yule wa katikati mwenye gauni jeupe. Mimi naisoma hivi, mtoto anamwangalia baba anayemchora, baba anajiangalia kwenye kioo, wote wanaishia kutukodolea sisi.

Ya kwako usiikwangue yote. Rudisha kichwa kama kilivyokuwa kwenye kioo, brashi ifute, shika gazeti au funguo au chochote. Nywele kulalia upande mwingine atagundua mkeo tu. Halafu punguza nyeupe usoni kwako, Copley kajiweka nyuma kabisa kushoto, mwanga mwingi kampa yule binti. Na subiri rangi ya chini ikauke, ukipaka juu ya mbichi unapata tope.