Kabla hujauza kinanda chako: masikio ndio yanalalamika au vidole?

Wakuu, mwezi huu peke yake nimeulizwa mara tatu na wapiga kinanda wenzangu, "kaka hiki changu sauti zimeshachoka, ninunue kipi?" na kila mara najikuta nauliza na mimi, zimechoka zenyewe au wewe ndo umechoka kuzitafuta? Wanacheka, wanadhani utani. Mi hilo swali limenila miaka miwili na hela ambayo ningeongezea kidogo tu saa hizi nina bodaboda.

Napiga Dar, Jumamosi harusi na sendofu, Jumapili kanisani. Kwa miaka mingi kinanda changu kilikua Yamaha MX61, ambacho kina kilo 4.8, yaani unakitia begini unapanda nacho daladala bila konda kukudai nauli ya watu wawili. Na sauti zake zimetoka kwenye ukoo wa Motif XS, kinanda cha Yamaha cha mapro, kwa hiyo mtu asikudanganye eti ni cha kujifunzia. Tatizo lilianza usiku nikiwa na hedifoni YouTube, nawaangalia Wazungu na Wakorea wanapiga Montage na MODX, vile vinanda vikubwa vya Yamaha, piano inalia mpaka unasikia kama nyundo zinagonga nyuzi, asubuhi nikiwasha changu nakiona kama redio ya mkulima. Nikasoma kwamba MX61 ina sauti zilizorekodiwa ndani yake MB 166 na MODX ina GB 5.67, nikachukua kalkuleta, mara 34 hivi. Mara 34! Nikamwambia mke wangu tunahitaji kinanda kipya, akaniuliza "hiki kimeharibika?" nikakosa jibu la maana.

Sasa sikilizeni kilichotokea kwenye harusi moja. MC kanipa ishara maharusi wako mlangoni, mi nimeshika piano na stringi (sauti za vayolini nyingi) taratibu, mpango ni wakikanyaga zulia nibadilishe ziingie tarumbeta. Taa za ukumbi zimezimwa, zimebaki zile za rangi zinazozunguka, kiskrini cha MX61 ni kidogo cha mistari miwili, mkono wa kushoto umeshika kodi (noti kadhaa kwa pamoja), wa kulia unazungusha kile kigurudumu cha kuchagulia, moja, mbili, tatu, nikadhani nimefika. Nikagonga kodi kubwa kwa vidole vyote. Kumbe nimepita moja, nimetua kwenye sauti za drams. Bibi harusi kaingia na mlio wa sahani za jikoni zinaanguka. MC akasema "wakwe wameanza kuvunja vyombo mapema" ukumbi ukaangua kicheko, mi nikainama kama natafuta waya.

Nyumbani usiku ule nikawaza, hivi ningekua na zile GB 5.67 ningepona? Wapi. Ningegonga drams za kisasa zaidi tu.

Hapo ndo nikaanza kitu ambacho namshauri kila mtu, na hakina gharama. Nilichukua daftari la shule la mwanangu, kila nikikerwa na kinanda nikiwa kazini naandika mstari mmoja baada ya wimbo, nimekerwa na nini. Sio nyumbani, nyumbani kila kitu kinakukera ukishaangalia video. Kazini. Baada ya mwezi nilikua na mistari 23. Minne tu ndo ilihusu sauti, na kati ya hiyo minne miwili ilikua siku ambayo spika za ukumbi zenyewe zilikua na mafua. Iliyobaki yote ni vidole: nimechelewa kubadilisha, nimesahau namba, nimebadilisha sauti ikakatika ghafla mwimbaji akageuka kuniangalia, mchungaji kapandisha ki (key) ya wimbo bila taarifa, na kadhalika.

Bado nikawa mbishi. Kuna rafiki yangu ana MODX6, nikamuomba anikopeshe wiki mbili (kwa masharti ambayo sitayataja hapa ila yanahusu kubeba spika zake). Jambo la kwanza nikafanya jaribio, na kama unataka kujaribu fanya hivihivi. Wimbo mmoja, piano ileile ya kawaida, vinanda vyote viwili kwenye mikisa ileile ya kanisa, halafu hakikisha sauti ziko sawa kwa ukubwa, hili watu wengi hua wanalisahau na ndo linalowaponza dukani, sikio la binadamu likisikia kitu kimezidi kidogo kwa ukubwa linasema hiki ndo kizuri. Nikarekodi kwa simu nimeiweka benchi la mwisho kabisa. Nikawasikilizisha mwalimu wa kwaya, mke wangu na fundi mitambo bila kuwaambia kipi ni kipi. Mwalimu wa kwaya alichagua MX61. Fundi mitambo akasema zote zinafanana ila ya pili umepiga vizuri zaidi. Mke wangu akauliza ibada inaanza saa ngapi.

Nyumbani na hedifoni lakini, aisee, tofauti ni mbingu na ardhi, kipofu anaiona. Piano ya MODX ina pumzi, ukigusa polepole inanong'ona na ukigonga inang'aa. Kwa nini kanisani ilipotea? Kwa sababu fundi anachomeka waya mmoja tu, ule wa kushoto, kwa hiyo piano iliyorekodiwa kwa upana wa kushoto na kulia inabanwa kuwa kitu kimoja, na zile sauti kubwa za kifahari ndo zinaumia zaidi maana zilitegemea huo upana, zinakua kama mtu anaongea ndani ya ndoo. Halafu kuna besi, gitaa, drams na waimbaji 20 juu yake. Hela uliyotoa kwa ajili ya pumzi ya piano imeliwa na waya mmoja.

Kwa hiyo kama kazi yako ni ukumbini kama mimi, kwanza hangaika na vidole, na uanzie kwenye kinanda ulichonacho. Mi nilikaa na kitabu cha maelekezo cha MX61 usiku mmoja, kitabu ambacho sikukifungua tangu ninunue (usinicheke, chako kiko wapi?). Nikagundua kumbe pafomansi moja, yaani mpangilio mmoja wa sauti uliohifadhiwa, ina parti 16, kila parti ni sauti yake, na kuna kitufe cha kuchagulia parti. Miaka yote hiyo mi kila nikitaka sauti nyingine nilikua nabadilisha pafomansi nzima, ndo maana mlio unakatika. Ukishaweka piano parti ya 1 na stringi ya 2, zile za 1 na 2 unaweza kuzipiga pamoja au ukagawa kinanda, halafu tarumbeta ukaiweka ya 3, organi ya 4, gitaa la sebene ya 5, unahama parti kwa parti na piano uliyoiacha inaendelea kuisha yenyewe taratibu. Unabonyeza kitufe, unabonyeza namba, basi. Nikakata selotepu ya karatasi nikabandika juu ya vitufe nikaandika kwa kalamu nyekundu, 3 TARUMBETA, 4 ORGANI, kikawa kinatisha kwa ubaya ila ile mistari 23 ya daftari mwezi uliofuata ilishuka ikabaki 9.

Nakubali, mwishowe MODX6 nilinunua, tena ya mkononi. Ila nilinunua kwa sababu ya ile mistari 9 na sio kwa sababu ya GB. Mingi ilihusu vitu ambavyo MX61 haiwezi hata uibembeleze vipi, mfano kushika sauti nne kwa pamoja na kupandisha moja kushusha nyingine kwa slaida huku unapiga, au kuona orodha ya nyimbo zote za siku kwa mara moja. MODX ina Live Set, yaani skrini ya kugusa ya inchi 7 inakuonyesha viboksi 16, kila kiboksi ni wimbo wako, unagusa tu. Harusi nzima inaenea kwenye ukurasa mmoja, kuingia kwa maharusi, keki, cheazi, zawadi, kwaito. Na nimeiseti ikiwashwa ifikie hapohapo kwenye Live Set, maana kwetu umeme ukikatika na jenereta likawaka kinanda kinaanza upya, usipoiseti unajikuta kwenye piano ya kiwandani huku MC anakutolea macho.

Lakini mtu asije akakwambia ukinunua kinanda kikubwa utapiga kwa raha kesho yake. Wiki tano za mwanzo nilikua mbovu kuliko nilivyokua na MX61 na selotepu yangu. Ndani kuna menyu juu ya menyu, na mi nilivyo na tamaa nikatengeneza pafomansi za parti sita sita, nimejaza mapadi (zile sauti laini za kujaza nyuma) na makengele. Nikaenda nazo kanisani, nabadilisha kutoka sifa kwenda kuabudu, sauti ikakatika PAA kama zamani. Nikamlaani aliyeniuzia. Nilivyosoma tena nikakuta huku kubadilisha bila kukatika kwenye MODX kuna mwisho wa parti nne, kwenye Montage ndo zinafika nane. Kosa langu. Nikarudi nikapunguza zote zikawa nne nne, na cha ajabu zikawa zinasikika vizuri zaidi, maana zile mbili za ziada kazi yake ilikua kupigana na gitaa. Ushauri wangu hapa, ukinunua kipya usiuze cha zamani mwezi huohuo, na usiende na kipya kwenye kazi ya kulipwa mpaka umekipiga ibada mbili tatu za katikati ya wiki.

Sasa kuna watu ambao nitawaambia kinyume, wanunue kwa ajili ya sauti bila kunisikiliza. Wa kwanza ni anayerekodi nyumbani. Huyo hedifoni ndo ukumbi wake, anasikia kila kitu, na muda wa kubonyeza anao. Ingawa hata yeye akishakua na laptopu nzuri namshauri atafute programu za sauti kwanza, zitamfikisha mbali kwa hela ndogo. Wa pili ni mpiga taarabu na kasida anayetaka maqamu, ngazi za muziki wa kiarabu, kama Rasti na Bayati zenye zile noti zinazokaa katikati ya noti za kinanda. Huyo kama kinanda chake hakimruhusu kushusha noti moja moja kwa robo toni hata akibandika selotepu rola zima hazitatoka, aangalie Korg za Pa au Yamaha zilizotengenezwa kwa muziki wa kiarabu kama PSR-A5000. Wa tatu ni mwenye sauti yake mwenyewe anayotaka kuiingiza. Mi kwenye MODX nimepakia ilimba, ile ala ya kigogo ya kupigwa kwa vidole gumba, ya jamaa mmoja wa Dodoma, tulirekodi noti moja moja sebuleni kwake, jogoo wake amesikika kwenye noti mbili. Kuna GB 1 ya kuweka vitu vyako, MX61 haina sehemu hiyo kabisa. Hii naikubali kuwa sababu ya sauti, tena sababu nzuri kuliko piano yoyote ya kifahari.

Na kuna zile sababu ambazo sio sauti wala vidole. Mgongo, mfano. MODX6 ina kilo 6.6, sio mbaya, lakini kuna ndugu yetu alichukua MODX8 ya kilo 13.8 kwa sababu ya funguo nzito kama za piano, sasa hivi kila kazi analipa bajaji kwenda na kurudi na hesabu ya harusi inakua ya kumlisha dereva. Na umeme, kama unapiga mikutano ya nje vijijini angalia kitu kama Roland Juno-DS61 kinachokubali betri 8 za AA za kuchaji, sauti zake nzuri za kutosha, na injili haitangojea jenereta.

Mtu akinipigia sasa hivi akaniambia anataka kununua hua namwambia alete daftari. Wengi hawapigi tena, labda wanaenda kumuuliza muuza duka Kariakoo, ambaye yeye hana swali la daftari.

MX61 sijaiuza. Ipo kanisani, kuna kijana wa miaka 16 anajifunzia. Juzi kanifuata na simu yake, kanionyesha video ya Montage, akasema mwalimu, hiki chetu sauti zake za kizamani. Nikamwambia sawa, hebu nipigie tarumbeta. Akaanza kuzungusha kigurudumu.