Kiwanja changu cha Mwanga nacho ni uwekezaji?

SWALI: Shikamoo Mzee. Nakamua mawese hapa Ujiji. Redioni wamesema uwekezaji Tanzania ni zaidi ya theluthi moja ya Pato la Taifa, na kwamba kwa kipimo hicho tumewapita Marekani. Inawezekanaje, na bado nakamua kwa mkono? Na kile kiwanja nilichonunua Mwanga, hapa Kigoma mjini, kwa akiba yangu yote, nacho kimehesabiwa?
Mama wa mawese, Ujiji

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umesikia sawasawa. Marekani huweka kama moja ya tano ya pato lake kwenye majengo, mitambo na barabara. China imepita asilimia 40 kwa miaka mingi. Lakini uliza kwanza: asilimia ya nini? Nusu ya chupa haifikii robo ya dumu, na dumu la Marekani ni kubwa mno.

Kiwanja chako hakimo. Pesa imetoka kwako ikaenda kwa aliyekuuzia, na nchi haijapata hata tofali moja jipya. Siku utakapochimba msingi, hapo utahesabiwa. Lakini kama umepanda michikichi, miaka yote unayoipalilia kabla haijazaa ni uwekezaji, sawasawa na reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, iliyotiwa saini Desemba 2022. Tena mtambo ukinunuliwa nje huandikwa kwenye uwekezaji, kisha thamani yake hutolewa kwenye pato kwa kuwa haukutengenezwa hapa. Ndiyo maana asilimia inaweza kupanda mwaka huu na mfukoni mwako usione kitu.

Na kuna jambo ambalo asilimia haisemi kabisa. Mimi nimezaliwa Urambo. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa karanga Kongwa, Nachingwea na kwetu Urambo. Baba yangu alikuwa kijana wa kupaka grisi matrekta. Alisimulia kwamba asubuhi yanatoka kumi, jioni yanarudi manne, mengine yameshindwa na visiki. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, na pauni kama milioni 36 zilikuwa zimekwenda. Utotoni nilicheza juu ya trekta moja lililoachwa porini. Nyasi zilikuwa zimetokeza kwenye tundu la kiti, na usukani bado ulizunguka. Trekta lile nalo liliandikwa uwekezaji siku liliponunuliwa. Hakuna aliyerudi kulifuta lilipokufa, maana hesabu mnayosikia redioni haiondoi uchakavu.

Hapo bandarini kwenu iko meli ya Liemba. Ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipandevipande ndani ya masanduku, ikazamishwa 1916, ikaibuliwa 1924, na miaka mia baadaye bado watu wanaitaja kama meli yao. Chuma kile na chuma cha Urambo kitabuni vinafanana.

Kwa hiyo, mwanangu, ukipata akiba nyingine, nakusihi usikimbilie kiwanja cha pili. Tafuta mashine ya kukamulia yenye injini. Kabla hujalipa, mwombe muuzaji aiwashe mbele yako na aingize chikichi zako mwenyewe, zile ulizochemsha asubuhi hiyo. Uliza pia vipuri vyake vinauzwa duka gani hapo Kigoma mjini. Akikutajia Dar es Salaam, ondoka. Kisha niandikie kwa siku unatoa madumu mangapi.